Kiti cha Idrisa

Vijana wangu wa mwisho walikuwa wakinicheka nikilamba katani. Mwanafunzi anakuja na fungu la nyuzi nyeupe zilizochanwa vizuri, anasema, "Mzee Komba, hizi tayari kwa gundi," mie nachomoa uzi mmoja nauweka ulimini mbele ya macho yake. Wengine walidhani ni uganga wa kwetu Songea. Sasa nimestaafu, ulimi wangu hauna kazi nyingine ila kusema, basi nyie mnaoingia karakana leo kaeni niwaambie nilichokuwa nakitafuta.

Nilikuwa fundi wa karakana ya chuo, upande wa uhandisi. Mwanafunzi anachora, mie namsaidia kukitoa kile kitu kwenye karatasi kiwe kitu cha kushikika. Kabla ya hapo nilijifunzia kazi Chang'ombe, mahali walipokuwa wanaunda mabodi ya malori. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Athumani, mtu mfupi, mkali kama pilipili kichaa. Alikuwaga akipita anagonga kila kitu kwa konzi, vichwa vyetu vikiwemo. Akigonga ubao anasikiliza, akigonga kichwa anaguna. "Jicho lina upendeleo," alikuwa akisema. "Ukishakipenda kitu, jicho linakiona kizuri. Sikio halina ndugu." Nimesoma vitabu vya kazi baadaye, sijakuta neno linalolipita hilo. Basi shikeni hilo kwanza: gonga, sikiliza, ndo utazame.

Kulamba huko kulitokana na mashua moja. Ilianza miaka ya ruksa, milango ya biashara imefunguliwa, maduka yamejaa vitu vya nje na viwanda vyetu vinafungwa kimoja baada ya kingine. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuja na wazo la kuunda chombo cha tanga cha mbio. Wakasema hawataki kuangusha mti mkubwa hata mmoja, maana mtumbwi mmoja unakula gogo zima, na magogo yenyewe yameshakuwa ya kutafutwa mbali. Wakasema pia hawataki vitambaa vya nyuzi za kioo na gundi za kuagiza kwa meli. Bodi litakuwa la katani ya mkonge wetu, gundi itapikwa kwa mafuta ya maganda ya korosho, mlingoti mianzi, tanga pamba. Kiende kasi kuliko ngalawa za Kunduchi, na siku kikizeeka kioze kirudi udongoni. Nilicheka. Halafu nikaona michoro yao, nikaacha kucheka.

Chuo kikatuombea banda Chang'ombe, la kiwanda kilichokuwa kimekufa. Mashine zilishaondolewa, sakafuni zimebaki alama za mahali ziliposimama. Nilikuwa napita hapo ujana wangu nikisikia kelele mpaka nje ya barabara. Kuingia na kukuta kimya kile kulinitia simanzi, nami si mtu wa simanzi.

Gundi ile ya korosho, wanangu, haina adabu. Mafuta ya ganda yanachoma. Paka mafuta ya nazi mikononi kabla hujavaa glavu, na usijifute jasho hata kama linakuingia machoni. Gervas hakusikia. Gervas alikuwa nahodha wa lile kundi, kijana wa Ukerewe, amezaliwa ziwani, anajua tanga tangu hajajua kusoma. Siku ya kwanza alijifuta paji la uso kwa glavu, kesho yake uso umeumuka kama andazi, jicho moja limefunga kabisa. Idrisa akamwambia, "Nahodha, leo utaona nusu ya makosa yetu, tunashukuru."

Huyo Idrisa ndiye aliyekichora chombo. Mtoto wa Tandika, mwembamba, macho yana umanjano kidogo. Alikuwa na seli mundu, ule ugonjwa wa damu ambao mtu anazaliwa nao. Akichoka sana au akipigwa na baridi, mifupa inamuuma mpaka anashindwa kusema, na safari inaishia hospitali. Alikuwa mcheshi kuliko wazima wote, lakini nilimwona mara nyingine ameshika ukingo wa meza anasubiri maumivu yapite, halafu anaendelea na sentensi pale alipoishia.

Sasa sikilizeni tatizo lilipo. Chombo cha mbio ni chembamba na chepesi, kinakata wimbi badala ya kulipanda, na wimbi likikatwa linamwagikia waliomo. Nahodha na wenzake wanarudi pwani wamelowa chapachapa. Idrisa alitaka kupanda chombo chake mwenyewe siku ya mashindano ya Kunduchi. Hilo ndilo alilolitaka duniani, hakuficha. Na hakuruhusiwa kulowa.

Alinipeleka kwao nikamsemee kwa mama yake. Mama Idrisa alitukaribisha barazani, akatutandikia mkeka, akatuletea uji wa mchele wenye pilipili manga. Alisubiri tumalize ndo akasema.

"Fundi, mie sina ugomvi na chombo chenu. Ugomvi wangu na maji. Huyu akilowa asubuhi, jioni niko naye wodini. Nimeshazika mmoja kwa maradhi haya haya."

"Mama, kiti changu hakitalowa," Idrisa akasema. "Nimekichora hivyo."

"Umekichora karatasini, baba. Karatasini hata mie naweza kuchora mvua haininyeshei."

"Basi unataka nini ili uamini?"

Akafikiri. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na akiyatoa hayarudi. "Kipelekeni baharini kwanza na watu wengine, siku ya mawimbi. Kirudi, nikipapase hicho kiti kwa mkono wangu. Nikikuta pakavu, utapanda, na radhi zangu utakuwa nazo. Nikikuta unyevu hata wa jasho la mtu, tusizungumze tena habari hii."

Idrisa akambusu mkono. Njia nzima ya kurudi alikuwa anapiga mluzi. Mie nilimwonea huruma kwa ile furaha yake, maana nilijua bahari haijasoma mchoro wa mtu.

Kiti chenyewe kilikaa nyuma kidogo ya mlingoti. Mbele yake ukingo umeinuka, juu kifuniko kimepinda kama gamba la kobe, ili maji yakirushwa yapite juu yaanguke upande wa pili. Yule aliyekaa pale angeshika kamba ya tanga bila kuguswa na tone. Kwa akili kilikuwa kizuri sana. Kwa uzito kilikuwa balaa.

Gervas alikiangalia akakunja uso. "Sie tunaunda chombo cha mbio au kibanda cha bandarini?"

"Tunaunda chombo cha watu watatu," Idrisa akajibu. "Mmoja wao ni mie."

"Idrisa, ndugu yangu, mie sikukatazi. Lakini wale wa Kunduchi hawatatusubiri kwa sababu tuna kifuniko."

Waligombana wiki nzima, na msidhani Gervas alikuwa mtu mbaya. Nahodha anayeona uzito akanyamaza si nahodha. Mwisho wakakubaliana kiti kibaki, na kila mmoja atafute pengine pa kupunguza. Tukapunguza mianzi, tukapunguza tabaka za katani kule zisikohitajika, tukachonga usukani mpaka nikawaambia basi, sasa mnachonga hewa. Kazi ya pamoja ndiyo hiyo. Mmoja ana shida yake, wengine wanaibeba kidogo kidogo mpaka inakuwa nyepesi.

Sasa nije kwenye chumvi.

Bibi yake Idrisa alikuwa msokotaji wa kamba za usumba. Wale wa pwani mnajua: makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye tope la bahari miezi, yakifukuliwa nyuzi zinatoka imara, haziozi upesi. Idrisa akasema na katani tuifanyie hivyo hivyo, tuiloweke maji ya bahari iive. Kila mtu akaona ni hekima ya wazee. Gervas wa ziwani akakubali, mwalimu wao akakubali, mie wa Songea nikakubali, nani ambishie mtoto wa pwani habari za bahari? Tukaloweka kwenye maji ya bahari kule Mtoni, tukaanika juani mpaka nyuzi zikalia mkononi kama nyasi kavu. Tukazichana kwa kitana cha misumari, tukazilaza tabaka juu ya tabaka, gundi katikati, tukakandamiza. Bodi likatoka jekundu la hudhurungi, linang'aa. Watu wa karakana za jirani walikuwa wakija kulishika tu.

Masika ikaingia. Idrisa akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Kila akitoka alikuwa mwepesi kuliko alivyoingia. Sote tulianza kuharakisha bila kuambizana. Tukapanga siku ya kukishusha majini tukijaribu, mama aje apapase kiti, halafu mashindano ya Kunduchi yafuate.

Wiki ile ya kushusha nilizunguka bodi nikigonga kwa konzi, mazoea ya Mzee Athumani. Ko, ko, ko, sauti safi. Nikafika chini ya ubavu wa kulia, nikasikia pwa. Nikarudia. Pwa. Nikamwita Gervas agonge mwenyewe, akagonga, akaniangalia. Wakaja wote, kila mmoja na konzi yake, na kila mmoja alisikia. Tukakata kidirisha kidogo kwa msumeno. Tabaka zilikuwa zimeachana, unaweza kuzifunua kama chapati ya kusukuma. Na ndani mlikuwa na unyevunyevu, wakati tuliliunda kavu na halijagusa maji.

Idrisa alikuwa ameketi kwenye kreti, ndo kwanza katoka hospitali. Akanyoosha mkono, nikampa uzi uliotoka mle ndani. Akauangalia. Akauweka ulimini.

"Chumvi," akasema. "Mzee, ni chumvi. Mie ndiye niliyesema tuloweke."

Kila anayeishi mji huu anajua chumvi jikoni inavyolia masika, kopo limefunikwa na bado inakuwa tope. Nyuzi za nazi zinataka chumvi kwa sababu zinakwenda kuwa kamba, zitaishi kwenye maji. Za kwetu zilikuwa zinakwenda kuishi ndani ya gundi. Ile chumvi ilikuwa inavuta unyevu wa hewa polepole, inaisukuma gundi iachie. Jua lilituonyesha ukavu ambao haukuwepo. Hekima ya bibi ilikuwa kweli, ila ilikuwa ya kitu kingine. Ndiyo maana nimelamba katani mpaka nastaafu.

Kutengeneza upya ilimaanisha kukata ubavu wote, kusuuza katani, kuanika, kulaza, kusubiri gundi ishike. Mashindano yaliyokuwa mbele yangetupita, ingebidi kungoja yale ya msimu wa kusi. Na mbele yetu ameketi Idrisa, mifupa ya mabega inaonekana juu ya shati.

Aliyesema ni Gervas, yule yule wa kugombania uzito. "Tuzibe kwa nje. Kwa mwendo mfupi kitashika. Tukishushe wiki hii kama tulivyopanga, mama aone kiti, Idrisa apande hata mara moja. Tukitoka hapo tukate tunavyotaka."

Hakuna aliyemwuliza kwa nini ana haraka. Sote tulijua. Na niwaambieni ukweli, moyo wangu ulikuwa upande wa Gervas.

Idrisa akatikisa kichwa. "Kikiachia kule ndani, wa kwanza kuzama ni nyie mnaokwenda kujaribu. Kisa mie nipande?"

"Mie naogelea."

"Mwenzako utakayepanda naye haogelei vizuri, unajua. Na mama akija kupapasa kiti cha chombo nilichojua ni kibovu, nitakuwa nimempa nini kwa radhi zake? Kata, Gervas."

Gervas hakusogea. Idrisa akainuka, akachukua msumeno, akauweka penye alama. Alivuta mara chache, msumeno ukakwama. Gervas akamnyang'anya ule msumeno kwa hasira, akakata yeye, ubavu mzima, machozi yanamtiririka na hakuyafuta. Nadhani alikuwa amejifunza kuhusu glavu. Mie nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

Tulisuuza kwa mvua hiyo hiyo, tukikinga mapipa chini ya bati. Idrisa akawa mwonjaji wetu. Analetewa uzi, analamba, anatoa hukumu: "Hii bado mchuzi wa harusi, rudisheni." "Hii ya mgonjwa wa presha, inakaribia." Siku aliyosema, "Hii haina ladha kabisa, kama chakula cha hospitali," tukajua imekuwa. Tukaanika, tukalaza upya. Nikagonga kila mahali, na yeye akagonga nyuma yangu, polepole, sikio karibu na bodi. Ubavu ukajibu.

Alifariki gundi ikiwa inamalizia kukauka, mvua zimeshakatika. Asubuhi tulimsubiri bandani aje achague rangi ya tanga, akaja mjomba wake badala yake. Tulimzika Temeke siku ile ile. Gervas ni Mkristo, aliazima kofia kwa jirani akaweka bega chini ya jeneza, na ilipofika zamu ya kupokewa hakukubali kupokewa. Mie nimezika wengi, wazazi wangu wamo. Sijui kwa nini kifo cha yule kijana kiliniuma vile. Labda kwa sababu nilikuwa nimemzoea akinikosoa.

Baada ya arobaini tukarudi kwenye chombo. Mwenzao mwingine akachukua nafasi ya tatu, kijana mwenye nguvu, anayekaa kwenye ubao wa pembeni bila kujali maji. Ikasemwa, kwa heshima kabisa, kwamba sasa kiti hakina mtu, tukikitoa chombo kitaruka. Hesabu ilikuwa upande wa msemaji. Gervas alikuwa anapaka usukani mafuta, hakuinua hata kichwa.

"Hakuna anayegusa kile kiti."

"Nahodha, wewe ndiye uliyesema kinatupunguzia mwendo."

"Na bado kinapunguza," akasema Gervas. "Hakuna anayekigusa."

Siku ya mashindano tulikipakia kwenye lori mpaka Kunduchi. Gervas alikuwa amekwenda Tandika mwenyewe kumwalika mama. Mama hakumwambia atakuja au haji. Tulipofika tukamkuta ameshakaa mchangani na dada yake, mbali kidogo na watu, buibui limemfunika mpaka kidevuni. Nikaenda kumsalimu, akanijibu vizuri, akaniuliza hali ya wanangu. Hakuuliza habari ya chombo.

Kusi ilikuwa inavuma kweli kweli na bahari imechafuka. Sijawahi kukiona kitu chetu kikienda vile. Kilikuwa kinalala upande mmoja, kinapasua wimbi, maji yanaruka juu ya vichwa vyao mpaka unakipoteza, halafu kinatokea mbele zaidi. Mie siogelei, sipendi bahari, na nilijikuta nimeingia majini na viatu. Hawakushinda. Walifika wa tatu, nyuma ya manahodha wawili wa pale pale waliozaliwa na kamba mkononi. Watu wakapiga makofi, wazee wa Kunduchi wakaja kuligonga bodi, wakaguna kwa kuridhika.

Gervas alishuka anatetemeka kwa baridi, maji yanamchuruzika kwenye ndevu. Mama Idrisa alikuwa ameshainuka. Alikuja moja kwa moja, akapita katikati ya watu, akaingia baharini mpaka magotini bila kukunja buibui. Nilikuwa nimeshika chombo kisiyumbe. Hakunitazama.

Akaingiza mkono chini ya kile kifuniko. Akapapasa kikalio cha kiti, akapapasa pembeni, akapapasa kwenye pembe kabisa ambako maji hujificha, hana haraka. Gervas alisimama kando, kichwa chini. Mama akautoa mkono, akautazama, akaupitisha shavuni.

"Pakavu," akasema.

Mwanawe alikuwa amesema kweli.

"Niliahidi," akatuambia, kana kwamba tunaweza kumkatalia. Kisha akainama kwenye kiti kile kitupu, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mama anayemfungulia mtoto mlango aende kucheza:

"Haya, baba. Panda. Radhi zangu unazo."

Gervas alikuwa amechoka na midomo imembadilika rangi. Alikigeuza chombo, akapandisha tanga, akarudi nacho baharini.